Msikilizaji wa Mlango wa Nne

Siku ya kusafishwa kipokezi mwanamume hana pa kujificha, na Gwakisa hata hakujaribu. Alirudi kutoka kwenye mitambo ya mvuke, akaoga, akavuta kigoda hadi dirishani na kumgeuzia mkewe sikio la kushoto, lile lenye kitundu kidogo cha kipokezi nyuma yake. Watu wengine wa Isyonje Mpya walipanga foleni karakana kwa huduma hiyo. Yeye alikuwa ameoa fundi.

"Usinitekenye," alisema.

"Nani ana nafasi ya kukutekenya? Kaa sawa."

Atuganile alichomeka waya, akaweka kishikwambi magotini, akaanza kuhesabu milango kwa mazoea tu. Mlango wa nyumba, ambao sauti ikipita humo husikika masikioni mwa wote waliomo ndani. Mlango wa mji, wa salamu na matangazo. Mlango wa kazini, ambao Gwakisa aliulaani kila Jumatatu. Kila mtu mjini alikuwa na mitatu.

Gwakisa alikuwa na minne.

Alihesabu tena. Mlango wa nne ulikuwa mdogo, hauna jina, umeelekezwa kwenye mnara chakavu wa mlimani ambao yeye alidhani umekufa zamani. Sauti zilikuwa zimeingia humo siku hamsini na sita mfululizo, kila siku saa kumi alasiri, zote kwa namba moja. Anwani iliyoandikwa ilikuwa ya mnara. Jina la mtu halikuwapo.

Mtu mwenye akili zake angeuliza. Angesema, "Mume wangu, huu mlango wa nini?" na hadithi ingeishia hapo, tukaenda zetu kula. Lakini mwenye wivu haulizi swali ambalo anadhani jibu lake analo mfukoni.

"Mbona umenyamaza?" Gwakisa aliuliza.

"Nasafisha."

"Kuna uchafu mwingi?"

"Upo," alisema Atuganile. "Wa kutosha."

Jibu alilokuwa nalo liliitwa Sekela. Sekela alikuwa injinia mpya wa valvu, mrefu, mwenye kicheko kinachosikika hadi getini. Mwezi wake wa kwanza kazini Gwakisa alimtaja mezani mara tatu: Sekela kasema hivi, Sekela katengeneza vile. Kisha akaacha kabisa. Kumtaja kulimuudhi Atuganile. Kuacha kumtaja ndiko kulikomtia homa. Na kila jioni mumewe alirudi na neno moja tu, "Nimechoka," akajilaza kwenye kochi na kuangalia dari. Sasa alijua maneno mengine yote yalikuwa yakienda wapi.

Kipokezi hakina ndoa wala dini. Pakiti ya sauti ikifika, kinauliza mambo mawili: imeandikiwa namba gani, na imeingilia mlango gani. Kisha kinatafuta msikilizaji aliyekaa kwenye namba hiyo. Wasikilizaji wakiwa wawili, mmoja anayesikiliza milango yote na mwingine aliyefungwa kwenye mlango uleule pakiti ilipopitia, aliyefungwa ndiye anayepewa. Na hapewi nakala. Anapewa mzigo wote, na yule wa milango yote hajui hata kama kuna mgeni aliyepiga hodi.

Atuganile aliona mara moja kwamba aliyeufungua mlango wa nne alifanya kazi ya kubahatisha. Msikilizaji alikuwa ameachwa kwenye milango yote minne, hajafungwa popote, amekaa kama mlinzi anayelinda mtaa mzima na hivyo halindi nyumba yoyote. Fundi wa mwaka wa kwanza asingeacha hivyo. Alimdharau Sekela kwa hilo pia.

Akaandika msikilizaji wake mwenyewe, akamkalisha kwenye namba ileile, akamfunga kwenye mlango wa nne. Chochote kitakachopita humo kingeletwa kwenye kishikwambi chake karakana. Kulikuwa na mstari mmoja wa ziada ambao angeweza kuuandika, wa kupitisha nakala kwa mwenyewe ili Gwakisa naye asikie kama kawaida. Vidole vilisimama hapo. Kiapo cha mafundi kinakataza kuingia kipokezi cha mtu bila ruhusa yake, na hicho alikuwa amekwisha kukivunja. Mstari ule ungepunguza ubaya. Hakuuandika. Hakutaka sauti ya mwanamke yule imfikie mumewe tena, hata siku moja.

"Tayari," alisema, akachomoa waya.

"Ndaga, asante, mke wangu." Gwakisa alipapasa shingo, akasimama. "Nimechoka."

*

Kesho yake saa kumi kasoro dakika chache, Bupe alikuwa kwenye kiti cha wateja, kipokezi chake kimefunguliwa na waya tatu zikining'inia sikioni. Bupe aliuza vitenge mkabala na karakana, na kila baada ya miezi miwili alikuja kulalamika kwamba kipokezi chake kinakwaruza. Kilichokwaruza ni ulimi wake, lakini huo hauna fundi.

"Na shemeji yangu Gwakisa hajambo?"

"Hajambo."

"Nilimwona juzi na yule injinia wenu. Wanacheka hao! Nikasema, kazi ya mvuke kumbe ina raha hivi."

"Usitikise kichwa, Bupe. Nitakuunguza."

Mikono ya Atuganile ilikuwa imetulia, maana mikono ya fundi hujifunza kutulia hata roho ikiwaka moto. Macho yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Alikuwa amepanga kila kitu. Angeisikiliza sauti hiyo mara moja tu. Jioni angemwekea Gwakisa maneno ya mwanamke huyo mezani pamoja na chakula, neno kwa neno, amwangalie akiyameza.

Saa kumi kamili. Kishikwambi kikatetemeka, na sauti ikaingia sikioni mwake.

Ilikuwa sauti ya mwanamume mzee.

"Gwakisa mwanangu. Leo sikupigii soga. Kifua kimenibana tangu saa nane. Nimekaa chini hapa jikoni na sinyanyuki. Vile vidonge vya chini ya ulimi viko juu ya rafu, mkono haufiki." Alinyamaza kuvuta pumzi, na ile pumzi ilikuwa ndefu kuliko maneno. "Sikutaka kumsumbua mtu mwingine. Njoo wewe. Na mkamwana wangu usimwambie, ataumia bure, na unajua hapaswi kufika huku. Haya, taa ya kijani imewaka. Basi umenisikia. Nakungoja, mwanangu."

Hapo ikakatika.

Kwa kitambo kidogo, na aibu yake haikumwacha kwa miaka mingi, Atuganile alifurahi. Si Sekela! Alitaka kucheka kwa sauti. Kisha akaelewa ni nani, na waya wa kuchomelea ukamponyoka ukaanguka sakafuni.

Miaka minane ya ndoa hakuwahi kuisikia sauti ile. Baba mkwe na mkamwana hawaonani. Wanyakyusa walikuwa hivyo kabla ya vipokezi na wakabaki hivyo baada yake. Akimwona mzee kwa mbali barabarani aliingia kwenye mashamba ya chai na kumpa kisogo hadi apite. Jina lake hakulitamka. Vipokezi vilipokuja, wazee walivikubali kwa sharti kwamba anwani ya baba mkwe izuiwe kwenye nyumba ya mwanawe, milango yote, sauti yake isije ikapita kwenye kuta za chumba anamolala mkamwana. Vizuizi hivyo Atuganile mwenyewe amewafungia wateja wasiopungua arobaini. Na yeye, fundi mzima, hakujiuliza mtoto wa mtu anaongeaje na babake aliyezuiwa. Na Gwakisa angemwambiaje? Habari za baba mkwe hazizungumzwi mbele ya mkamwana. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hawa walikuwa wameficha wawili.

Bado kulikuwa na neno lililomchoma. Leo sikupigii soga. Kwa hiyo siku nyingine soga zilipigwa! Siku hamsini na sita mumewe alikuwa na hadithi, na vicheko, na maswali, kisha akamletea yeye uchovu. Wivu haukuondoka. Ulihama tu nyumba.

"Vipi tena?" Bupe alisema. "Mbona jasho?"

*

Kwanza alimwondoa msikilizaji wake. Ilikuwa kazi ya sekunde kumi. Kama mzee angeita tena, sauti ingemfikia Gwakisa kama siku zote, na hakuna ambaye angejua lolote. Alisubiri dakika nzima, akiangalia mshale wa saa.

Mzee hakuita. Angeitaje? Taa yake ilikuwa kijani. Taa hiyo huwashwa na kipokezi pakiti inapokabidhiwa msikilizaji, na haijali ni msikilizaji wa nani. Huko juu kulikuwa na mtu aliyekaa sakafuni, akiamini kwamba mwanawe yuko njiani kwa sababu Atuganile alikuwa amemdanganya kwa rangi ya kijani.

Pili akajaribu ujanja. Sauti ya mzee ilikuwa bado kwenye kishikwambi. Akaichukua, akaibandika anwani ya mnara, akabadilisha saa yake, akamtumia Gwakisa. Mtu angesema imetoka mlimani sasa hivi. Gwakisa angesikia, angekimbia, na siri ingezikwa.

Hapakuwa na jibu. Akatuma tena, kisha mara ya tatu. Ndipo akakumbuka jambo ambalo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi. Kipokezi hakiangalii tu anwani uliyojiandika. Kinaangalia umeingilia wapi. Pakiti yake ilikuwa imeingia mlango wa mji huku ikidai imetoka mlimani, na kipokezi kilipotazama njia ya kurudi mlimani kikaona ni mlango mwingine. Mwongo kama huyo hafukuzwi kwa kelele. Anatupwa kimya kimya. Ujanja ulikuwa umekula dakika nne.

Akapiga zahanati. Gari la wagonjwa lilikuwa bondeni. Labda saa nzima, dada, tutajitahidi. Gwakisa alikuwa upande wa pili wa mlima, mwendo wa saa moja na zaidi. Bupe alikuwa na sikio wazi na waya tatu ndani yake, asingeweza hata kusimama. Kutoka karakana hadi nyumba ya mzee kwa pikipiki yake ilikuwa dakika kumi na mbili.

Hakubaki mtu.

Akampigia mumewe kwa mlango wa nyumba, ule usio na siri.

"Mke wangu, niko kwenye valvu, nitakupigia."

"Gwakisa, nenda kwa baba yako. Kifua kimembana, yuko chini jikoni. Gari la wagonjwa nimeliita. Mimi natangulia."

Nyuma yake mvuke ulipiga mluzi.

"Unatangulia wapi?"

"Huko."

"Huwezi kufika huko, Atuganile. Unajua huwezi."

"Vidonge viko juu ya rafu na mkono wake haufiki."

Mluzi wa mvuke ukakatika. Habari ya rafu ingeweza kupita mlango mmoja tu, ule wa nne, na Gwakisa hakuwa mjinga.

"Nani kakwambia habari ya rafu?" aliuliza taratibu.

Atuganile alikata. Bupe alikuwa amefumba mdomo kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

"Niazime hicho kitenge chako," Atuganile alimwambia. "Na usitoke kwenye kiti, hata nyumba ikiungua."

*

Aliingia nyumbani kwa mkwewe kinyumenyume, kitenge kimefunika kichwa na mabega, akipapasa kizingiti kwa kisigino. Mtu angemwona angecheka. Alijikwaa kwenye ndoo, akashika ukuta, akaingia jikoni mgongo ukitangulia.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka chini.

Hakujibu. Alikohoa tu.

"Mwe!" Mzee alielewa. "Nimefumba macho. Rudi, mama. Rudi, sijafika huko."

Lakini sauti ilikuwa imefika huko, na zaidi. Atuganile alinyoosha mkono juu ya rafu, akaangusha kopo la chumvi, akaipata chupa. Akachuchumaa akiwa amempa kisogo, akatoa kidonge na kupitisha mkono nyuma yake hewani. Kwanza haukugusa kitu. Kisha vidole vya mzee vikaupata, vya baridi, vyenye jasho, na kidonge kikachukuliwa.

Walikaa hivyo, migongo ikitazamana, wakisikiliza pumzi. Baada ya muda pumzi ya mzee ilianza kutulia na kuwa ya kawaida.

Mtu asiyeruhusiwa kusema na mtu husema na kitu. Mzee aliuambia ukuta, "Ukuta, mwanangu yuko njiani?"

Atuganile akauambia mlango, "Mlango, mwambie anakuja."

"Ukuta, taa ilikuwa kijani."

Atuganile aliliokota kopo la chumvi, akaanza kufuta sakafu kwa kiganja.

"Mimi nilikuwa fundi wa mnara ule miaka ishirini na mbili," mzee aliendelea, akipumzika kila baada ya maneno machache. "Ule mlango wa mwanangu niliufungua mimi, kwa kupapasa, maana macho hayasomi tena maandishi. Msikilizaji nikamwacha kwenye milango yote. Nilijua si vizuri. Mtu akija akamfunga wake kwenye mlango mmoja, ananipokonya. Na taa yangu inawaka vilevile."

Alijua. Atuganile alibana kitenge shingoni, akatamani ardhi impasukie.

"Ukuta," mzee alisema kwa upole, "watu hudhani tunazungumza mambo makubwa. Namuuliza mkewe amelalaje. Amepika nini. Ananiambia huimba akichomelea, na kwamba akikasirika hukunja kidole gumba ndani ya ngumi. Mimi nitamjua mkamwana wangu kwa njia gani nyingine?"

Atuganile alitazama ngumi yake. Kidole gumba kilikuwa ndani. Miaka minane Gwakisa hakuwahi kumwambia kwamba anakijua kidole hicho. Alimwambia mzee huyu. Machozi yalimtoka, na hata katikati ya machozi hayo alimwonea mzee gere, alimwonea hasa, kama mtoto anayeona sahani ya mwenzake imejaa.

Ilipita zaidi ya saa moja, gari la wagonjwa bado halijafika, ndipo mlango wa nje uliposukumwa na Gwakisa akaingia na viatu vya kazini, amelowa jasho. Alipiga magoti kwa babake, akamshika mikono, akasikiliza kifua. Atuganile alisimama akasogea hadi mlango wa uani, uso nje.

"Nimepata nafuu," mzee alisema. "Vidonge nimepewa."

"Taata, nani alimwambia?"

"Nilimwita mimi. Nilipoona hujibu nikapitia mnara, nikavuka kizuizi. Ya wazee hayo, hutayaelewa."

Ulikuwa uongo wa kifundi, umepigwa pasi, hauna mshono. Gwakisa hakuwa na elimu ya kuupinga. Atuganile alimsikia akishusha pumzi, alisikia ile hofu ikimtoka, na akajua kwamba sasa kilichotakiwa ni yeye kunyamaza tu. Wangerudi nyumbani. Asubuhi angeufunga vizuri mlango wa nne, na maisha yangeendelea.

Lakini mzee huyu alikwisha kuwa na siku hamsini na sita za mumewe. Atuganile hakutaka ashike na siri yake pia.

"Hakuniita," aliuambia ua. "Jana nilipokusafisha nilifunga msikilizaji wangu kwenye mlango wako wa nne. Sauti ya leo niliichukua mimi. Hukuipata kwa sababu yangu."

Mzee alinung'unika kitu. Gwakisa aliiachia mikono ya babake, akasimama.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni Sekela."

"Sekela." Alilitamka kama jina la mji asioujua. Kisha akauliza, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira: "Umetusikiliza mara ngapi?"

"Mara moja. Leo tu."

"Siku zote hizi, mara moja."

"Niliweka jana, Gwakisa. Nakuapia."

"Nitajuaje?"

Alifungua mdomo amweleze. Kipokezi huandika tarehe ya kila msikilizaji anayefungwa na saa anayoondolewa. Ni suala la kuchomeka waya na kusoma. Katika Isyonje Mpya yote palikuwa na mtu mmoja tu mwenye ujuzi wa kufanya hivyo na kumsomea Gwakisa ukweli. Mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni, kitenge kichwani, amewapa wote wawili kisogo.